Choo cha Mashua ya Tanga: Kuutafuta Uvundo na Kuukata Unakoanzia

Mashua ya tanga ni nyumba iliyofungwa. Choo kiko hatua mbili kutoka kitandani, tangi la choo limejificha chini ya godoro au nyuma ya kabati, na bahari ikichafuka madirisha yote hufungwa. Harufu ambayo nchi kavu ungeipita bila kugeuka, chomboni inakuganda mpaka wageni wako waanze kuomba kulala juu ya sitaha.

Wengi wakiisikia hukimbilia dawa ya buluu yenye manukato. Siku tatu chumba kinanuka waridi na kinyesi kwa pamoja, siku ya nne waridi linaisha. Ushauri wangu ni kinyume chake: usinunue chochote kabla hujajua harufu inaanzia wapi. Karibu kila mara utakuta inaanzia penye kitu kilichosimama bila hewa. Huenda ni maji yaliyolala ndani ya mpira, huenda ni kinyesi kilichobaki pale mpira ulipolegea na kufanya bonde, au ni tangi lisilopumua. Ukipajua mahali hapo, kazi iliyobaki ni ya spana, kitambaa na subira.

Hapa nazungumzia choo cha kawaida cha mashua. Pampu, ya mkono au ya umeme, huvuta maji ya bahari kupitia koki iliyo chini ya usawa wa maji, huyaingiza kwenye bakuli, kisha husukuma uchafu kwenda tangini au nje. Tangi nalo lina mpira wa kuingizia uchafu, mpira au mirija ya kutolea, na bomba la hewa linalotokea ubavuni mwa chombo. Hilo bomba la hewa ndilo watu hulisahau kuliko vyote, na ndilo nitakalolisema sana.

Hatua ya 1: Nusa kabla ya kushika spana

Fanya kazi hii asubuhi, kabla mtu hajatumia choo. Pua huzoea haraka. Aliyelala chomboni hasikii tena anachokisikia mgeni. Mwite mtu ambaye hakulala humo, au wewe mwenyewe shuka, tembea kidogo, kisha rudi. Funga madirisha na milango ya makabati usiku uliotangulia ili kila pembe ihifadhi harufu yake.

Kisha sikiliza pua inasema nini. Kama kunanuka yai viza mara tu unapopiga pampu ya kwanza, halafu harufu inafifia baada ya kupiga mara kadhaa, tangi halina kosa lolote. Hayo ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuingizia maji. Nenda hatua ya 2. Kama harufu ipo muda wote, hata choo kisipotumika, na inazidi unapofungua kabati ambamo mipira inapita, shuku mipira yenyewe au maungio yake. Kama inatokea pale tu mtu anapopiga pampu, na zaidi inasikika kwa waliokaa juu, hiyo ni gesi ya tangi inayosukumwa nje kupitia bomba la hewa: kila lita inayoingia tangini hutoa lita moja ya hewa. Na kama ni harufu kali ya mkojo inayochoma pua karibu na sakafu ya choo, piga magoti na tochi utazame chini ya pampu. Sili ya fimbo ya pampu ikichakaa hudondosha tone moja moja, na tone hilo hujipenyeza chini ya kitako cha choo, likakauka humo na kunuka mwaka mzima.

Usisahau ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Nimeona watu wakibadilisha mipira yote ya choo, kazi ya siku mbili ya matusi na vidole vilivyochubuka, na kumbe kilichonuka ni maji ya kuogea yaliyoingia ngamani pamoja na nywele, sabuni na makombo ya jikoni. Mimi mwenyewe nimo katika watu hao. Kwa hiyo kabla ya kukilaumu choo, osha ngama kwa maji matamu na sabuni, piga brashi, mwaga, suuza, kausha. Safisha na kisanduku cha kukusanyia maji ya kuogea, maana humo nywele na sabuni huoza taratibu. Kaa siku mbili. Harufu ikibaki, sasa unaweza kukitazama choo kwa jicho baya.

Hatua ya 2: Maji ya bahari yasilale ndani ya mpira

Maji ya bahari hayako matupu. Yana vijidudu, mayai, vipande vya mwani na viumbe vidogo visivyoonekana. Vikifungiwa gizani ndani ya mpira wa milimita 19, hufa na kuoza. Zaidi ya hayo, lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti. Oksijeni ikiisha, kuna bakteria wanaotumia salfeti hiyo badala ya oksijeni, na wanachotoa ni gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ndiyo maana choo kinachotumia maji matamu hunuka kidogo kuliko kinachotumia maji ya bahari, hata kama tangi ni lile lile na watu ni wale wale.

Dawa ya kumwaga bakulini haisaidii hapa, kwa kuwa inakwenda mbele na tatizo liko nyuma, kabla ya bakuli. Lazima maji matamu yafike kwenye mpira wa kuingizia.

Njia ninayoipenda ni ya kuunganisha. Karibu na choo huwa kuna sinki dogo la kunawia ambalo maji yake hutoka nje kupitia koki. Mpira wa kuingizia maji ya choo huunganishwa kwenye bomba la kutolea maji la sinki hilo kwa kiungo chenye umbo la herufi T, chini ya sinki, karibu na koki iwezekanavyo. Koki ikiwa wazi, choo huvuta maji ya bahari kama kawaida. Unapotaka kukisafisha, funga koki, jaza sinki maji matamu, piga pampu: choo kinavuta maji ya sinki, nayo yanapita kwenye mpira wote, pampu yote na bakuli. Zipo faida mbili nyingine: unabaki na tundu moja chini ya maji badala ya mawili, na majani yakiziba mdomo wa koki unajua upesi, maana sinki halishuki. Ila sinki liwe juu ya usawa wa maji hata chombo kinapolala upande, na kizibo chake kibane vizuri wakati wa kuvuta maji ya bahari, la sivyo pampu itavuta hewa tu.

Usiku, mtu wa mwisho kutumia choo apige kwa maji ya sinki. Hilo tu linaondoa harufu nyingi za asubuhi.

Jambo moja usilifanye kamwe: usiunganishe mpira wa choo moja kwa moja na mfumo wa maji ya kunywa, hata ukiambiwa kuna vali ya kuzuia maji kurudi. Vali huchakaa kimyakimya, na siku ikichakaa maji ya bakulini yanatafuta njia ya kurudi kwenye tangi la maji ya chai. Vyoo vilivyotengenezwa tangu kiwandani kutumia maji matamu ya shinikizo ni habari nyingine. Vina kinga zao. Cha maji ya bahari kiachwe na sinki, au hata jagi: funga koki, mimina maji matamu bakulini, piga pampu. Jagi halisafishi mpira wa kuingizia, lakini linausafisha ule wa kutolea, na ni afadhali kuliko kutofanya kitu.

Hatua ya 3: Piga pampu mpaka uchafu ufike tangini

Hapa kosa ni la mkono wa mtumiaji. Mpira wa kutolea uchafu wa milimita 38 hubeba lita 1.13 kwa kila mita. Mpira wa mita tatu kutoka chooni mpaka tangini una lita tatu na nusu ndani yake. Mgeni akipiga pampu mara nne, bakuli likaonekana safi, akaenda zake akiwa ameridhika, uchafu wake haujafika popote. Umelala njiani. Kesho yake yule anayefuata anausukuma mbele kidogo na kuweka wa kwake nyuma yake, na mpira unageuka tangi la pili, jembamba, lisilo na bomba la hewa.

Pima mara moja tu, usikisie. Funga koki ya kuingizia, mimina lita mbili za maji matamu bakulini, hesabu ni pigo ngapi mpaka ziishe. Ukigawanya utajua pampu yako inasukuma kiasi gani kwa pigo moja. Kisha pima urefu wa mpira kutoka chooni mpaka tangini. Kama mpira unapanda hadi kilele fulani, kisha unashuka wenyewe mpaka tangini, unahitaji kuhesabu hadi kileleni tu. Baada ya hapo uchafu hujiteremkia. Piga hesabu, ongeza kidogo kwa tahadhari, andika idadi ya mapigo kwenye kibao kidogo na ukibandike mbele ya macho ya aliyekaa. Maneno "piga mara 20" yanaeleweka kuliko mhadhara wa nahodha.

Kama tangi lako ni dogo utalalamika kwamba maji mengi yatalijaza haraka. Ni kweli. Kwa mkojo, mimina maji matamu kidogo na usukume bila kuvuta ya bahari. Mkojo na maji ya bahari vikikutana ndipo chokaa inapozaliwa, kama tutakavyoona.

Na karatasi: weka kipande kwenye chupa ya maji, funga, tikisa. Kama inasambaratika upesi, inafaa. Kama inabaki vipande, itabaki vipande hata tangini. Tambara, pamba, taulo za kike na zile karatasi laini zenye unyevu zisiingie humo hata kama paketi imeandikwa kwamba zinayeyuka.

Hatua ya 4: Mipira, na jaribio la kitambaa cha moto

Mpira wa uchafu unaweza kuwa mzima, usiovuja hata tone, na bado ukanuka. Gesi hupenya taratibu kwenye ukuta wa mpira wenyewe, hasa pale ambapo uchafu hulala muda mrefu. Mipira duni huanza kunuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Iliyotengenezwa kwa ajili ya vyoo vya mashua, ikiwa imefungwa vizuri, huweza kukaa miaka mingi.

Jaribio ni hili. Futa mpira kwa sabuni, uukaushe, ili usije ukanusa uchafu wa nje. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto sana, kamua, zungushia mpira, kiache mpaka kipoe. Kitoe, peleka juu sitahani kwenye hewa safi, nusa. Kikinuka, mpira umekwisha kazi. Tumia kitambaa kipya kwa kila kipande cha mpira, maana mara nyingi ubaya uko kwenye kipande kimoja tu: ule unaopanda kutoka chooni, au ule mrefu kati ya tangi na pampu ya kumwagia, ambako uchafu husimama wiki nzima.

Kubadilisha mpira ni kazi chafu lakini si ngumu. Kabla ya yote mwaga tangi, sukuma maji matamu mengi, funga koki zote mbili, weka beseni na vitambaa chini. Mpira wa zamani ukigoma, usivute kwa nguvu ukavunja mdomo wa tangi. Pasua mpira kwa kisu kwa urefu wake, utaachia. Mpya uchovye mwisho wake katika maji ya moto ulainike kabla ya kuuvika, na uukaze kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu kila upande. Usipake gundi, mpira unaohitaji gundi ili usivuje ni mpira wa kipimo kisicho chake. Kinga mpira usilegee na kufanya bonde: ufunge kwa vishikizo kila baada ya nafasi fupi, ushuke kuelekea tangini bila kusita. Sehemu ndefu zilizonyooka unaweza kuziweka bomba gumu la PVC na kuacha mpira kwenye kona tu, kwa sababu bomba gumu halipenyezi harufu.

Ukiwa humo ndani, angalia kile kilele cha mpira ambacho huwekwa juu ya usawa wa maji ili bahari isirudi kinyumenyume ikajaza chombo. Juu yake kuna kivali kidogo cha hewa. Kikiganda wazi kwa chumvi, hutoa gesi ndani ya chumba kila unapopiga pampu. Kikiganda kimefunga, hakizuii tena maji kurudi, na hapo jambo si harufu tena bali ni mashua kuzama. Kifungue, kioshe kwa maji matamu ya uvuguvugu, kirudishe.

Hatua ya 5: Tangi lipumue

Hii ndiyo hatua ninayotaka uipe siku nzima.

Ndani ya kinyesi kuna makundi mawili ya bakteria. Wanaopenda oksijeni huvunja uchafu na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo haina harufu. Wasiotaka oksijeni huvunja uchafu ule ule, lakini wao hutoa hidrojeni salfaidi na gesi nyingine zenye kunuka, pamoja na methani isiyo na harufu. Wote wamo tangini tangu siku ya kwanza. Anayeshinda ni yule unayempa mazingira. Tangi lenye hewa ya kutosha hunuka kama udongo uliolowa. Lililozibwa hunuka kama jehanamu.

Sasa tazama bomba la hewa la mashua nyingi: jembamba la milimita 16, refu, limepinda mara tatu nyuma ya makabati, na mwisho wake ubavuni kuna wavu mdogo uliojaa chumvi. Hewa haibadilishwi humo. Ubora wa bomba la hewa uko katika mambo matatu: liwe pana, liwe fupi, lipande moja kwa moja. Milimita 25 ndicho kipimo ninachokiona cha chini kabisa. 38 ni bora. Likizidi mita moja na nusu, anza kufikiria njia nyingine. Na lisiwe na bonde popote, kwa sababu chombo kikilala upande uchafu hupanda humo, na chombo kikisimama wima tena hubaki kwenye bonde na kuziba njia.

Kama una nafasi, weka mabomba mawili ya hewa, moja ubavu wa kulia na moja wa kushoto. Upepo hausukumi pande zote mbili kwa nguvu sawa. Upande wa joshi, unakotoka upepo, unasukuma, upande wa demani, unakokwenda upepo, unavuta, na hewa inapita juu ya uchafu bila pampu wala umeme. Ukisafiri kwa tanga na ubavu mmoja ukazama majini, ule mwingine bado uko wazi. Milango ya mabomba haya iwe mbali na madirisha, mbali na mahali watu wanapokaa, na mbali kabisa na mdomo wa kujazia maji ya kunywa.

Mahali pasipowezekana bomba pana, weka pampu ndogo ya hewa, za jamii ya zile zinazotoa mapovu kwenye matangi ya samaki wa mapambo, isukume hewa mpaka chini ya tangi kupitia jiwe la mapovu. Inakula umeme kidogo sana. Lakini hewa inayoingia lazima itoke, kwa hiyo hata hapa bomba la hewa haliwezi kuwa limeziba.

Jinsi ya kujua kama limeziba: mtu mmoja apige pampu ya choo, wewe uweke kiganja kwenye tundu la ubavuni. Utasikia pumzi. Usiposikia, chukua mpira wa maji ya bandarini, elekeza maji ndani ya tundu kutoka nje, mpaka lifunguke. Fanya hivyo kila unapoosha sitaha, hata kama hakuna shida, kwa sababu wadudu hupenda kujenga humo na chumvi haina likizo. Dalili nyingine ni bakuli linalobubujika baada ya kupiga pampu, au pampu inayozidi kuwa nzito. Usiendelee kupiga kwa nguvu. Tangi lililozibwa likisukumwa hupasuka kwenye maungio, na likinyonywa na mashine ya bandarini huweza kukunjana kama kopo.

Kuna vichujio vya mkaa vya kuweka kwenye bomba la hewa. Vinapunguza harufu inayotoka, ila vinabana hewa inayoingia, na vikilowa mara moja vimekufa. Mimi naviona kama mto wa kuziba mdomo wa mtu anayekohoa.

Onyo kabla hatujaendelea. Hidrojeni salfaidi si harufu tu, ni sumu. Pua huisikia ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua huzima na husikii tena kitu, wakati hatari ndiyo inaanza. Usiingize kichwa katika tundu la tangi, usichungulie kwa kiberiti, na ukifungua tangi fungua na madirisha yote. Methani nayo hushika moto.

Hatua ya 6: Dawa, ukishatengeneza mengine

Ukisoma nyuma ya chupa, dawa za tangi ziko aina nne. Manukato hayafanyi kitu zaidi ya kunukia. Viuavijidudu, vikiwemo vyenye fomaldehaidi, huua bakteria wote, wabaya na wazuri. Vikiisha nguvu wabaya hurudi kwanza, na unakuwa mtumwa wa chupa. Dawa za bakteria hai na vimeng'enya huongeza jeshi la wazuri, lakini zinahitaji tangi lenye hewa, la sivyo unamwaga askari kwenye shimo lisilo na pumzi. Dawa za naitreti huwapa bakteria kitu cha kupumulia badala ya oksijeni, kwa hiyo hawagusi salfeti na yai viza halitokei. Hizi ndizo hufanya kazi hata pale bomba la hewa ni bovu.

Chagua moja, usichanganye. Bakteria hai pamoja na kiuavijidudu ni kazi bure. Weka dawa mara tu baada ya kumwaga na kusuuza tangi, pamoja na maji matamu kiasi cha kufunika chini. Klorini ya kufulia usiipeleke tangini: inaua bakteria uliowalea na inakausha mpira wa vali.

Hatua ya 7: Mdomo wa bata na ukoga wa chokaa

Mahali uchafu unapotoka pampuni kuna vali ya mpira yenye midomo kama ya bata. Inaacha uchafu upite, inazuia usirudi. Ikichakaa, utaona bakuli ulilolikausha jioni lina maji ya kahawia asubuhi. Ni kipande kidogo, na kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Kibadilishe kila mwaka bila kusubiri, na uwe na kingine akiba, kwani huharibika safarini.

Mara nyingine midomo haijachakaa ila imeshikwa na chokaa. Mkojo ukikutana na maji ya bahari, kalisi hujijenga kwenye kuta za mpira kama ukoga wa meno, kwanza wembamba, kisha mgumu kama jiwe, mpaka mpira wa milimita 38 unabaki na tundu la kidole. Chokaa hiyo ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo hushika mkojo. Siki nyeupe inatosha kuizuia: mara moja kwa wiki, usiku, mimina nusu lita bakulini, piga pampu kidogo kidogo ili ifike kwenye mpira, iache mpaka asubuhi, kisha suuza kwa maji mengi. Kwa chokaa iliyokwisha kuwa jiwe siki ni ya kubembeleza tu. Wengine hutumia asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa, wakivaa glavu na miwani na wakiwa wamefungua kila dirisha. Mimi hupendelea kuutoa mpira, kuupeleka gatini na kuupiga chini kama anayepura mpunga. Chokaa huvunjika na kumwagika vipande vipande. Hakikisha upepo unakwenda mbali na wewe.

Siki au asidi yoyote isikutane na klorini hata kidogo. Hutoa gesi ya klorini, na chooni hamna pa kukimbilia.

Pampu ikilia au kukaza, fungua uipake grisi ya silikoni kwenye silinda. Mafuta ya kupikia yanayomiminwa bakulini husuuzwa baada ya siku chache na yanayobaki huganda. Grisi ya petroli huvimbisha baadhi ya sili.

Hatua ya 8: Kumwaga na kusuuza

Usingoje tangi lijae mpaka juu. Likijaa, uchafu hupanda kwenye bomba la hewa, na unarudi hatua ya 5.

Unyonyaji wa bandarini ndio njia safi. Mashine ikimaliza, usiondoe bomba lake: jaza tangi maji matamu mpaka robo au nusu, tikisa chombo kama unaweza, nyonya tena. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Mara moja ndiyo desturi ya wengi, lakini tope linalobaki chini ya tangi ndilo mbegu ya harufu ya wiki ijayo.

Kumwaga baharini kuna sheria, na zinatofautiana kwa nchi na ghuba. Kiambatisho cha IV cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kinachotumika tangu tarehe 27 Septemba 2003, kinahusu vyombo vya tani jumla 400 na zaidi, au vyenye idhini ya kubeba zaidi ya watu 15. Kinataka uchafu usiotibiwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Mashua ndogo hufuata sheria za mahali ilipo. Marekani, kwa mfano, hairuhusu uchafu usiotibiwa ndani ya maili 3 za baharini, na ina maeneo ambayo hata uliotibiwa hauruhusiwi. Uliza kabla ya kufungua vali, na ukiwa ndani ya mipaka funga vali ya kumwagia kwa kamba au kufuli ili mtoto au mgeni asiigeuze.

Ukimwaga nje, ukimaliza sukuma maji safi kupitia pampu ya kumwagia mpaka mpira wake nao usuuzike.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka chomboni

Harufu mbaya kuliko zote hutengenezwa wakati hakuna mtu. Kabla ya kufunga mlango, mwaga na suuza tangi. Funga koki ya sinki, jaza sinki maji matamu mara mbili, yapige yote yapite chooni. Mimina siki bakulini, piga pampu mara chache ili iingie kwenye mpira na ilale humo. Kausha bakuli kwa kitambaa, funga kifuniko, funga koki zote mbili za choo. Ngama ibaki kavu. Weka dawa ya tangi pamoja na maji kidogo, na hakikisha bomba la hewa liko wazi, hata kama kuna mtu alilifunika wakati wa kupaka rangi ubavuni, maana hilo hutokea.

Acha milango ya makabati yote wazi na dirisha moja la juu liwe na mwanya mdogo usioingiza mvua. Ukirudi, ingia mwenyewe kwanza, kabla ya mizigo na kabla ya watu, na uvute pumzi ukiwa bado mlangoni. Kabati la kwanza kukushtua ndilo la kuanza nalo kwa kitambaa cha moto.